Meli Zilizopanda Milima: Kampuni ya British India na Vyombo vya Ziwa Viktoria

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mto pekee utokao humo, yaani Naili, hukatizwa na maporomoko mengi, hata hakuna meli iliyoweza kuupanda kutoka Bahari ya Kati hadi Jinja. Manyamanyama, pembezoni mwa mji wa Bunda, iko zaidi ya kilometa 600 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ukipima kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, kwa miongo mingi ya karne ya 20, pamba, ngozi na samli za nchi hii ya Mara zilipakiwa katika meli za chuma zilizoundwa Uskochi, katika bonde lile lile la mto Clyde lililounda meli kubwa za abiria zilizokuwa zikitia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Meli za bahari na meli za ziwa zilikuwa pingu mbili za mnyororo mmoja. Mtu aliyeufua mnyororo huo hakuwa mhandisi wala baharia, bali mfanyabiashara.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 katika mji mdogo wa Campbeltown, Uskochi. Alikwenda Bengali mwaka 1847 kutafuta riziki, na mwaka 1856 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya meli iliyopata mkataba wa kuchukua barua za serikali baina ya Calcutta na Rangoon. Mwaka 1862 kampuni hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa British India Steam Navigation Company, ambayo mabaharia na abiria wa pwani yetu waliizoea kwa herufi mbili tu: BI. Dohani za meli zake zilipakwa rangi nyeusi yenye mistari miwili myeupe, na mzee wa Forodhani aliyekulia enzi hizo aliweza kuzitambua kabla hazijafika bandarini.

Mkataba wa barua ni jambo dogo kwa kulisikia, lakini ndio uliokuwa uti wa mgongo wa makampuni kama haya. Meli ya mvuke ya siku zile ilikula makaa mengi, na shehena peke yake haikutosha kulipia safari. Serikali ililipa ruzuku ili barua zifike kwa tarehe iliyopangwa, na kampuni ikapata uhakika wa mapato. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1872, BI ilianza safari za barua kutoka Aden hadi Unguja.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko idadi ya barua zenyewe. Tangu kale, majahazi yalikuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi; mfanyabiashara alihesabu miezi kwa majira ya pepo. Meli ya mvuke haikungoja kaskazi wala kusi. Kwa mara ya kwanza kalenda ya biashara ya Unguja ilitoka mikononi mwa upepo ikaingia mikononi mwa ofisi iliyokuwa ng'ambo. Majahazi hayakufa, na mengine yanasafiri hata leo, lakini hayakuwa tena yanayopanga bei.

Kutoka meli hadi dola

Mackinnon hakuridhika na bahari. Mwaka 1877 alianza mazungumzo na Sultani Barghash ili akodishwe sehemu ya bara. Mazungumzo hayo yalivunjika. Aliyarudia miaka kumi baadaye, na mwaka 1887 Sultani alimpa haki za kutawala na kutoza ushuru katika sehemu ya mwambao. Mwaka uliofuata ikapatikana hati ya kifalme ya kuunda Imperial British East Africa Company. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na meli alipata pia nchi. Huo ulikuwa mtindo wa ubeberu wa zama hizo: serikali ya Uingereza iliepuka gharama kwa kuwaachia wafanyabiashara kazi ya kutawala, ikakusudia kuingia pale faida itakapoonekana.

Faida haikuonekana. Wajerumani walianzisha kampuni yao ya meli, Deutsche Ost-Afrika Linie, mwaka 1890, nayo ikapewa ruzuku na serikali yake. Mwaka huo huo mataifa hayo mawili yaligawana ziwa kwa mstari wa nyuzi moja kusini mwa Ikweta, na watu wa Mara wakajikuta upande wa Wajerumani pasipo mmoja wao kuulizwa. Mackinnon alifariki mwaka 1893. Mwaka 1895 kampuni yake ya bara, ikiwa imeishiwa fedha, iliikabidhi serikali ya Uingereza nchi yote iliyokuwa inadai kuitawala. BI yenyewe iliendelea kusafiri, na mwaka 1914 iliungana na kampuni ya P&O, ikiwa na meli zaidi ya 100.

Urithi wake mmoja, hata hivyo, ulifika ziwani baada ya yeye kufa.

Meli ndani ya masanduku

Wazo la kubeba chombo kwa vipande lilikuwa na mfano wake. Mwaka 1875 Henry Stanley, ambaye baadaye Mackinnon alimchangia fedha za safari nyingine, alifika kusini mwa ziwa akiwa na mashua ya mbao iliyoitwa Lady Alice. Mashua hiyo, yenye urefu wa mita 12 hivi, ilikuwa imekatwa vipande vipande na kubebwa mabegani na wapagazi kutoka Bagamoyo. Iliunganishwa, ikashushwa majini, ikalizunguka ziwa zima kwa muda wa karibu miezi miwili, ikipita Ghuba ya Speke na mwambao wa Majita. Vitabu vingi hutaja jina la Stanley na jina la mashua. Majina ya waliobeba hayatajwi isipokuwa machache.

Chombo cha kwanza cha mvuke cha Waingereza ziwani kilifuata njia hiyo hiyo. Kilikuwa kidogo, cha tani zipatazo 70, kimeundwa Paisley karibu na Glasgow na karakana ya Bow, McLachlan, na kilipewa jina William Mackinnon. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, haikuwa imefika ziwani wakati vipande vyake vilipokuwa vinahitajika huko. Wapagazi wakabeba.

Hapa mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Tani moja ya chuma ni kilo 1,000, yaani mizigo 33 na ushei. Chombo chenye tani 60 za chuma kingehitaji safari za watu wapatao 2,000, bila kuhesabu chakula chao wenyewe. Na kuna vipande visivyogawanyika: mtungi wa boila, silinda za injini, mhimili wa rafadha. Hivyo haviwezi kukatwa na kubebwa na mtu mmoja. Ni lazima vivutwe au vibebwe na watu wengi kwa pamoja, vikipandishwa Bonde la Ufa na kuteremshwa upande wa pili. Meli hiyo ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, miaka saba baada ya kifo cha mtu aliyepewa jina lake.

Ufundi wa kuunda meli ya namna hii unastahili kuelezwa kwa utaratibu. Kwanza, huko kiwandani, mkuku hulazwa, mataruma husimamishwa juu yake, na mabamba ya chuma huvikwa mataruma hayo, kama fundi wa Kizimkazi afanyavyo kwa mbao. Tofauti ni kwamba mabamba hayakazwi moja kwa moja, bali hushikizwa kwa bolti na nati. Meli nzima husimama nchi kavu, ikakaguliwa. Kisha kila bamba na kila taruma hutiwa alama, bolti hufunguliwa, na meli hugeuka kuwa rundo la vyuma vyenye namba. Rundo hilo hupakiwa katika meli nyingine ya baharini, hushushwa Mombasa, hupelekwa ziwani, na huko huunganishwa tena kwa kufuata namba, safari hii kwa ribiti.

Ribiti ni msumari mnene wa chuma wenye kichwa upande mmoja. Huchomwa hadi uwe mwekundu, hupenyezwa katika tundu la mabamba mawili, na ncha yake hugongwa kwa nyundo hadi ifanye kichwa cha pili. Sayansi yake ni nyepesi lakini ni nzuri: chuma kinachopoa hunywea. Kipeo cha mtanuko wa chuma ni kama sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ribiti yenye urefu wa milimita 40, ikipoa kutoka nyuzi 900 hadi 30, ingepungua kwa takriban milimita 0.4 kama ingekuwa huru. Lakini haiko huru. Vichwa vyake viwili vimeyabana mabamba. Badala ya kufupika, huyavuta mabamba pamoja kwa kani kubwa, na maji hayapati pa kupita. Bolti ya kawaida haiwezi kazi hiyo kwa miaka 50.

Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na baada ya hapo vipande vya meli vilisafiri kwa mabehewa. Zikafuata Winifred na Sybil, kubwa mara kadhaa kuliko Mackinnon, kisha Clement Hill mwaka 1907, Usoga mwaka 1913 na Rusinga mwaka 1914. Hazikuwa mali ya BI. Zilikuwa za Reli ya Uganda, yaani za serikali. Lakini bila ya meli za bahari kuleta vyuma Mombasa na kuondoa shehena iliyotoka ziwani, hazingekuwa na kazi. Majina nayo yana hadithi yake. Kwanza mwenye kampuni, kisha majina ya wanawake wa Kiingereza, kisha ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya London. Majina ya nchi zenyewe yalikuja baadaye.

Mvuto wa meli hizi haukuujali mpaka. Wajerumani walitawala Mwanza, Bukoba na Shirati, lakini reli yao ya Tabora hadi Mwanza haikuwako. Ilikamilishwa mwaka 1928, wakati wao walikwisha kuondoka. Kwa hiyo mazao ya upande wa Wajerumani yalipitia Kisumu na Mombasa, na ushuru wa usafirishaji ukaingia mfuko wa Waingereza.

Maji baridi na maji ya chumvi

Meli ya ziwani na ya baharini zinafanana kwa sura, lakini maji hayazitendei sawa. Kwa kanuni ya Arkimedi, kitu kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Ya ziwa ni kilo 1,000. Tuchukue meli yenye uzito wa tani 1,500. Baharini itasukuma mita za ujazo 1,463; ziwani, 1,500. Ikiwa eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 700, basi ziwani itazama zaidi kwa sentimita tano. Sentimita tano si nyingi, lakini nahodha anayepita juu ya mwamba huzihesabu.

Kwa upande wa boila, ziwa ni rafiki kuliko bahari. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Ukiyachemsha katika boila, chumvi hubaki na kuganda kama ukoko, joto halipiti vizuri, na chuma huungua. Ndiyo maana meli za BI zililazimika kuwa na kondensa, chombo kinachopoza mvuke uliokwisha kutumika ili urudi kuwa maji na kutumiwa tena. Maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi kidogo sana, chini ya gramu moja kwa kilo, na meli iliweza kuchota chini ya tumbo lake. Kuni ndizo zilizotatiza: meli za ziwani zilichoma kuni, na mwambao ulikatwa miti ili kuzilisha.

Mwalimu wa sekondari ya Bunda anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo jingine kwa sufuria na kipimajoto. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ndani ya boila iliyofungwa, hata hivyo, mwinuko wa nchi haupunguzi kitu: mgandamizo wa mvuke wenyewe ndio unaoamua joto. Injini iliyotengenezwa usawa wa bahari ilifanya kazi ziwani bila kubuniwa upya.

Mwamba wa Majita

Kabla ya meli hizi, Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa ameupima mwambao wa ziwa, na ramani yake ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini kina kilipimwa kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba. Bildi humwambia mtu kina cha mahali inapoangukia tu. Mwamba wa matale unaosimama kama kichuguu baina ya vipimo viwili haujulikani mpaka meli iugonge.

Sybil iliugonga. Mwezi Novemba 1914, vita vikiwa vimeanza, meli hiyo ilitoboka, na nahodha akaipandisha kwenye ufuko wa Majita, katika nchi ya adui, isije ikazama. Winifred ilipokuja kuiokoa ilikutana na Muansa, chombo kidogo cha Wajerumani kilichofungwa mzinga, ikalazimika kurudi nyuma. Ikarejea pamoja na Kavirondo, na safari hii Muansa ndiyo iliyoondoka. Hata hivyo Sybil haikuweza kunasuliwa mara moja. Ililala pale hadi mwezi Mei 1915, ndipo ikazibwa, ikaelea, ikavutwa na kutengenezwa, ikarudi kazini ikiwa na mizinga. Mwaka uliofuata meli za ziwa zilipeleka askari Ukerewe na Mwanza. Vita vya Wazungu vilifika mlangoni mwa wavuvi wa Majita vikiwa ndani ya meli iliyofungwa kwa ribiti za Paisley.

Katika vita vya pili, bahari ndiyo iliyodai zaidi. BI ilipoteza Tilawa, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani mwezi Novemba 1942 ikitoka Bombay kuja Mombasa, na watu 280 walikufa. Mwezi Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizama kwa muda wa dakika mbili tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Habari za msiba huo hazijulikani sana katika shule zetu, wala si rahisi kueleza kwa nini.

Miaka ya mwisho ya mnyororo

Baada ya vita BI iliagiza meli nzuri kuliko zote ilizowahi kuleta pwani hii: Kampala na Karanja kwa njia ya Bombay, na Kenya (1951) na Uganda (1952) kwa njia ya London, zote zikiundwa Clyde. Ziwani nako, Yarrow wa Glasgow waliunda Victoria, wakaifungua vipande, na ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ikichukua abiria 1,200. Mtindo wa mwaka 1900 ulikuwa ungali ukitumika. Zikafuata Umoja na Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha, ambazo zilibeba mabehewa yenyewe kati ya Kisumu, Jinja, Musoma na Mwanza, hata gunia lisihitaji kushushwa na kupakiwa tena.

Pingu za baharini ndizo zilizokatika kwanza. Ndege zilichukua abiria, na kufungwa kwa Suez mwaka 1967 kuliirefusha njia ya London. Kenya iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ilifanywa shule ielayo kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza, ikawa meli ya hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982, na mwaka 1986 ilitupwa ufukoni na tufani huko Taiwan ilikokwenda kuvunjwa. Safari za BI za Bombay zilikoma mwaka 1976.

Pingu za ziwani zilikatwa na siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa. Victoria ilikuja Tanzania, lakini karakana ya miaka yote na gudi lake zilibaki Kisumu. Hili halikuzungumzwa sana wakati ule, nalo lilikuwa zito kuliko meli zenyewe. Meli huweza kugawanywa kwa hati. Mafundi, michoro, mashine za kutoboa mabamba na mazoea ya kukagua hayagawanyiki hivyo.

Gharama ya upungufu huo si ya vyuma tu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, nayo ikiwa imeundwa kwa vyuma vilivyotoka Ulaya, ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Meli husimama wima pale kitovu cha uzito wake kinapokaa chini vya kutosha. Kila abiria anayepanda sitaha ya juu hukipandisha kitovu hicho kidogo. Farumi tumboni hukishusha. Hesabu hiyo hufanywa kwa karatasi na kwa kuijaribu meli yenyewe gatini, na inapaswa kurudiwa kila meli inapobadilishwa.

Victoria ilikarabatiwa Mwanza na kurudi majini mwaka 2020, ikiwa na injini mpya na jina jipya. Kando yake, katika bandari ya Mwanza Kusini, mafundi wa Kitanzania na wa Korea waliunda MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na nafasi za abiria 1,200. Vyuma vyake vililetwa kutoka ng'ambo, lakini haikusimamishwa kwanza Glasgow ikafunguliwa na kutiwa namba. Mkuku wake ulilazwa kando ya ziwa, mabamba yake yalikatwa na kuchomelewa pale pale, na mwezi Februari 2023 ilishushwa majini mbele ya watu wa Mwanza.